Maombi ya Faraja Niliyoyaandika Mimi

Siku ambayo baba aliniambia nimwandikie mdogo wangu maombi yake, nami nikajibu "sawa, baba", naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi pale nyumbani kijijini Yakobi. Tulikuwa jikoni tukiota moto, na nilitamka ile "sawa" nikiwa na kiazi cha moto mdomoni, bila kufikiri. Mwanangu, nilipaswa kukataa. Ningeweza kukataa kwa heshima na baba asingekasirika sana. Nikakubali.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Mimi nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani kwenye chama cha ushirika, na ushirika ulipokufa nikahamia Makambako kuuza mitumba. Lakini watu wa kwetu hawakunijua kwa mitumba. Walinijua kwa kalamu. Kila mbolea ilipochelewa, mimi ndiye niliyewaandikia wakubwa: sisi wakulima wanyonge, tulio chini ya miguu yenu, tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa. Na mbolea ilikuja. Siyo mara zote, ila mara za kutosha kunifanya niamini kwamba hakuna mlango usiofunguka kwa barua ya aina hiyo.

Faraja ndiye kitinda mimba wetu. Alikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu Dar es Salaam, akisoma hisabati, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Siku hiyo ya mvua alitueleza kwamba mwalimu wake, dokta mmoja mwenyeji wa Makete, amewaambia habari za vyuo vya ng'ambo vinavyochukua wanafunzi ambao bado hawajamaliza shahada ya kwanza. Wanakaa huko wakati wa kiangazi chao, ambao kwetu Njombe ni ule wakati wa baridi, umande unapoganda juu ya majani. Wanakaa na wataalamu wa hisabati, wanapewa swali, wanalifanyia utafiti.

"Swali ambalo hata mwalimu hajui jibu lake," alisema Faraja. Sauti yake ilibadilika kabisa alipolisema hilo.

"Kama mwalimu hajui jibu," baba akauliza, "wewe unakwenda kufundishwa nini?"

Tulicheka wote, na Faraja mwenyewe akacheka. Kisha akaeleza kinachotakiwa. Matokeo yake ya chuo, barua za walimu wawili wanaomfahamu, na maelezo yake mwenyewe: yeye ni nani katika hisabati, na ni maswali gani anayoyafikiria. Maelezo hayo alikuwa ameshayaandika.

Baba akaweka kikombe chini. "Sasa nani atasema kwa niaba yako?"

"Hakuna, baba. Wanataka niseme mwenyewe."

"Mwenyewe? Mbele ya watu wasiokujua? Tulipokwenda kumposea kaka yako huyu kule Lupembe, yeye alifungua mdomo?"

"Hakufungua," alisema mama. "Alikuwa anatetemeka mpaka kiti kinalia."

"Basi. Mwenye haja hajisemei. Anakaa kimya, wakubwa wanamsemea. Ukijisemea unaonekana huna wazazi." Akanigeukia. "Wewe ndiye kalamu ya nyumba hii. Mwandikie."

Usimcheke baba yangu, mwanangu. Ndivyo alivyolelewa, na katika mambo mengi utaratibu ule ulitutunza. Posa ilikwenda hivyo, kuomba shamba kulikwenda hivyo, hata kuomba radhi. Mtu alitafuta wa kumsemea, maneno yakafika yakiwa yamepoa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa ofisini na nilijua kwamba si kila mlango unabishwa kwa namna moja. Lakini kuitwa kalamu ya nyumba mbele ya dada yangu msomi kulinipendeza.

Nikamwomba karatasi yake, nikaisoma. Alikuwa ameandika habari za vikapu vya mama.

Mama alikuwa akifuma vikapu vya milulu, yale majani marefu ya mabondeni. Kuna nyuzi zinazosimama, na kuna nyuzi za rangi anazozizungushia. Akitumia rangi tatu, mara nyingine rangi zilipanda wima kama mistari ya shati. Mara nyingine zililala, zikakizunguka kikapu kama nyoka. Tangu akiwa mtoto Faraja aliona kwamba jambo hilo linategemea idadi ya nyuzi zilizosimama: zikigawanyika kwa tatu, rangi zinapanda wima, zisipogawanyika, zinalala upande mmoja au mwingine. Hilo alilimaliza akiwa shule ya msingi. Lakini kikapu kinapopanuka lazima mfumaji aongeze nyuzi, na hapo mchoro mara nyingine unavunjika. Faraja aliuliza: ni wapi unaweza kuongeza, na ngapi, ili mchoro usivunjike hata kikapu kipanuke namna gani? Na rangi zikiwa nne, au tano, au idadi yoyote? Alikuwa amepata jibu la sehemu ndogo. Iliyobaki alisema hajui, na akaeleza ni kitu gani hasa asichokijua.

Leo naweza kukueleza haya yote kwa utulivu. Siku ile nilicheka.

"Faraja, unawaandikia wazungu habari za vikapu? Watadhani huko kwetu hatuna hata meza."

"Kaka, dokta alisema tuandike swali linalotufuata kichwani."

"Litakufuata hukohuko ukishafika. Kwanza uingie."

Nikaketi, nikaandika kwa Kiingereza changu cha sekondari. Niliandika kwamba yeye ni binti wa mkulima mnyonge, kwamba ametembea bila viatu, kwamba amelala na njaa ili asome, na kwamba anaanguka miguuni pao akiomba wamwonee huruma, naye hatawasahau katika sala zake. Hisabati niliitaja kwenye mstari mmoja: kwamba anaipenda tangu utotoni. Nikamsomea baba kwa Kiswahili, naye akafuta macho. Nilijiona mtu.

Faraja alitakiwa kunakili kwa mwandiko wake. Alipofika katikati akainua kalamu.

"Kaka, umeandika nimelala na njaa. Mimi sijawahi kulala na njaa."

"Ni namna ya kusema tu."

"Mama atasikia vibaya."

"Mama hajui Kiingereza."

Alimtazama baba, baba akaitikia kwa kichwa. Akanakili mpaka mwisho. Kila baada ya mistari michache aliinua macho akanitazama, nami nilidhani ananishukuru.

Nilirudi Makambako na bahasha. Jirani yangu pale mtaa wa Lyamkena alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Kondoa, mwenye malori yaliyopeleka viazi na mbao Dar es Salaam. Dereva wake ndiye angemfikishia dokta bahasha, ili dokta aitume pamoja na barua yake. Kabla ya kuifunga nilimtafsiria Mzee Shabani ile barua, maana nilitaka sifa zaidi. Alisikiliza huku akikoroga chai.

"Umeandika vizuri," akasema. "Yaani hapa nilipo nataka nimpelekee huyo mtoto gunia la mchele. Ila sijasikia kama hesabu anaijua."

"Mzee, hiyo wataiona kwenye matokeo."

"Haya. Mimi nikitafuta dereva, ukaniletea mtu ukaniambia ana watoto saba na nyumba inavuja, nitampa sadaka, wallahi. Lakini gari simpi."

Nikacheka, nikamwambia mambo ya chuo si kama mambo ya malori. "Sawa," akasema, "wewe ndiye uliyesoma," akamwita dereva wake. Bahasha ikaenda.

Mvua zilipokuwa zinakatika, jibu lilikuja: hakuchaguliwa. Faraja alituma habari hiyo kwa maneno machache tu. Mimi ndiye niliyekasirika. Niliposhuka Dar es Salaam kuchukua marobota ya nguo, nikapitia chuoni kumwona yule dokta, nikiwa nimejiandaa kumwuliza kwa nini mtoto wa maskini hapewi nafasi.

"Kamwene," alinisalimia aliposikia ninatoka Njombe, akanipa kiti. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mpole, mwenye sweta licha ya joto la mji ule. Nikamwaga malalamiko yangu yote. Hakunikatiza.

"Yale maelezo," akauliza nilipomaliza, "aliandika nani?"

Sikuwa na namna. "Mimi."

"Nilihisi hivyo, lakini nilihisi nikiwa nimechelewa. Bahasha ilikuja imefungwa, nikaituma imefungwa, kwa sababu maelezo ni ya mwanafunzi, si yangu kuyafungua." Akavua miwani. "Mimi niliwaandikia kwamba binti huyu ana swali lake mwenyewe, zuri sana, na kwamba wasome maelezo yake walione. Wakafungua, hawakukuta swali. Wakakuta njaa. Mmoja wao ninamfahamu, ameniandikia akiuliza kama ni mwanafunzi yuleyule."

"Kwetu mwenye haja husemewa," nikajitetea. "Hata ninyi Wakinga mnafanya hivyo."

"Tunafanya, tena tunawashinda ninyi Wabena kwa maneno," akasema akitabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaisha. "Lakini ndugu yangu, hata kwenye posa, mshenga akishamaliza kusema, binti huitwa. Anaulizwa yeye, mbele ya wote: unamjua mtu huyu? Unakubali? Asipojibu kwa mdomo wake hakuna ndoa. Hapa walikuwa wanamwita binti. Wewe ukaitika."

Nilikuwa nimekwenda kudai haki na nikaonyeshwa kwamba aliyeichukua ni mimi. Dokta akanipa maji, akasema bado kuna mwaka mmoja, mwakani Faraja anaweza kuomba tena, na safari hiyo aachwe aandike.

Nilimkuta Faraja nje ya bweni lao, nikamweleza yote bila kujificha. Hilo angalau nililifanya siku ileile. Nikamwomba msamaha, nikamwambia aandike tena habari za vikapu.

"Nimekusamehe, kaka," akasema. "Siku ile nikinakili nilikuwa nakutazama. Nilikuwa nangoja useme, basi, acha, peleka yale ya kwako. Nilijua ungesema."

"Nasema sasa."

"Najua. Lakini sasa nikilifikiria lile swali nakusikia ukicheka."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Hakuomba tena mwaka uliofuata. Alimaliza shahada yake vizuri, akaajiriwa benki huko Mbeya, akaolewa na mtu mwema, ana watoto. Ukimwona utasema hakuna kilichoharibika.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu naona vijana wa siku hizi nao wanatafuta wa kuwasemea. Mnakwenda kwa kijana wa steshenari pale stendi awaandikie maelezo, naye ana maneno ambayo amewapa wengine kabla yenu. Nikuombe kitu kimoja. Ukiomba nafasi ya kwenda kujifunza kutafiti, andika mwenyewe. Andika swali lako, hata kama limetokea jikoni kwa mama yako. Hapo kwa mama yako ndipo mahali ambapo wengine wote wanaoomba hawajawahi kukaa. Eleza ulipofika na ulipokwama, wala usione aibu kusema hujui, maana unakwenda mahali ambapo kutojua ndiyo kazi yenyewe. Walimu wako waombe barua mapema, usiwavizie siku ya mwisho. Umaskini kama upo si aibu, useme pale wanapouliza habari ya nauli na mahitaji, kwa kiasi chake na bila kuongeza. Mpe mtu mwingine asome akurekebishie herufi, lakini akianza kukubadilishia mawazo, mnyang'anye karatasi yako, hata awe kaka yako. Mnyang'anye kwa adabu, lakini mnyang'anye. Na wakikukataa, omba tena, na kwingine pia.

Nanyi wazee wenzangu, mtoto akikuletea alichoandika, kisome, umwulize, ukishindwa kuelewa mwambie hujaelewa. Usicheke.

Mungu wa baba zetu akufungulie njia, mwanangu. Akupe walimu wasioogopa maswali yako, akupe afya ya kukesha nayo na moyo wa kurudi nayo nyumbani. Ukifika huko wakakuita jina lako, uitike mwenyewe.

Faraja hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Huniuliza mgongo wangu, mvua, viazi, wajukuu. Ananipenda, hilo sina shaka nalo. Zamani alikuwa akinikimbilia mlangoni kabla sijashusha mzigo, ananieleza alichokuwa anakiwaza, nielewe nisielewe. Tangu siku ile ya mvua hajanieleza tena wazo lake hata moja. Nikimwuliza anawaza nini siku hizi, anasema, "Hakuna, kaka, kazi tu." Nimezeeka, na sitegemei tena kwamba ataniambia.