Mipira Mitatu Chini ya Injini

Gari letu lilikuwa likitetemeka kwa miezi mingi, na mimi nilikuwa na maelezo kwa kila mtetemo. Likisimama njia panda ya soko huku nimekanyaga breki, usukani ulicheza mikononi mwangu, kioo cha pembeni kilionyesha pikipiki mbili pale ilipokuwa moja, na miwani ya mke wangu ilimteremka hadi ncha ya pua. Kwanza nilimwambia ni mafuta mabaya. Baadaye nikasema ni baridi ya asubuhi. Mwishowe nikalaumu barabara ya mtaa wetu, yale mawe meusi ya volkano.

"Barabara inatutikisaje na hatuendi?" aliuliza mke wangu.

Nieleze kidogo kuhusu lugha ya nyumbani kwetu. Mimi nilikulia Kongo, upande wa Masisi. Yeye alikulia Tanzania, Karagwe. Wazazi wetu waliporudi Rwanda kila mmoja alirudi na Kiswahili chake. Kinyarwanda ndicho cha kila siku, lakini tukitaka kutaniana au kugombana tunahamia Kiswahili, na hapo kila mtu anarudi alikotoka. Mke wangu ni fundi wa kushona, na anasema Kiswahili changu kimekatwa bila kupimwa. Hata maandishi haya ameyapitia yeye kwa kalamu nyekundu. Ameniachia tu maneno niliyoyatamka kwa kinywa changu mwenyewe, kama ushahidi.

Aliyenitia aibu hasa ni mama mkwe. Anakaa Busasamana, kule juu kwenye viazi na ukungu, na Jumapili moja nilimrudisha kwake baada ya ibada. Tulipofika alishuka polepole, akajishika kiuno, akarekebisha kitenge chake. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima. Hajawahi kunisema vibaya. Aliliangalia gari tu, si mimi.

"Mkwe wangu," alisema, "gari hili lina homa. Siku likipona, mje mnichukue."

Haikupita muda, ikatangazwa harusi ya mtoto wa dada yake mke wangu, Jumamosi, hapa mjini karibu na ziwa. Mama mkwe akapiga simu kwamba tusisumbuke, atateremka kwa pikipiki. Mke wangu alinipa habari hiyo huku akiwa na pini mdomoni, bila kuinua macho kwenye cherehani. Mama wa miaka sabini na zaidi, na mushanana wake, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, nyuma ya pikipiki kwenye kona zile, wakati mkwe ana gari uani. Sikula vizuri siku hiyo.

Nikaenda kwa jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye aliendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuja na kandambili zake, akaniambia nifungue boneti, niwashe, nikanyage breki vizuri, kisha nitie gia ya mbele, na ya nyuma, na ya mbele tena. Kila nilipobadilisha, injini iliruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

"Zima," alisema. "Jirani yangu, injini yako haina ugonjwa. Iko inalala kwenye kitanda kimevunjika."

Akanieleza: injini haikai juu ya chuma moja kwa moja. Inabebwa na vipande vya chuma vyenye mipira ndani, ambavyo mafundi wa huku wanaviita supoti, ili mtetemo wake usifike kwa abiria. Gari letu lina nne. Ya upande wa gia ilikuwa bado nzima. Ya mbele, ya nyuma na ile ya upande wa mikanda zilikuwa zimekufa.

"Peleka kwa fundi, kule Mbugangari," alisema.

Sijui ni nini kilinipanda. Labda video nilizokuwa nimetazama. Labda ni vile mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Mi mwenyewe nitafanya," nikasema. "Iko kazi ya boluti tu."

"Wewe?" alisema mke wangu. "Wewe uliyeita fundi aje kubadilisha betri ya saa ya ukutani?"

"Ile saa ilikuwa juu sana."

Basi nikanunua supoti tatu Mbugangari, na ofisini nikaomba ruhusa ya Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Kwenye karatasi niliandika "sababu za kifamilia". Sikudanganya, mama mkwe ni familia.

Asubuhi hiyo nilivaa suruali iliyokuwa na rangi za umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, nikaweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu, nikapanga spana juu ya gunia kwa ukubwa wake kama daktari wa upasuaji. Jirani alikuja na kiti chake cha plastiki na chupa ya chai. Alisema hakuja kufanya kazi, amekuja kutazama. Injini lazima ibebwe kutoka chini kabla ya kufungua chochote, na kriki, yaani jeki, isiguse moja kwa moja sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, maana bati lake ni jembamba; lazima uweke ubao katikati. Nilitafuta ubao ua mzima. Mwisho nikaingia jikoni.

"Huo ni ubao wangu wa kukatia nyama," mke wangu aliita kutoka barazani.

"Nitaurudisha."

"Hapana. Sasa ni wa gari. Utanunua mwingine."

Boluti ya kwanza ilikataa kabisa. Niliivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Jirani alikunywa chai, akanitazama, akanywa tena, kisha akaenda kwake na kurudi na kipande cha bomba la maji. Akakivisha kwenye mkono wa spana ili urefuke. Nikabonyeza kwa vidole kama viwili hivi, boluti ikalia na kulegea. Akarudi kwenye kiti chake.

Kufikia saa tano zile mbovu tatu zilikuwa nje. Ya upande wa mikanda ilitoka vipande viwili, mpira umepasuka kama kisigino cha mkulima. Nilimpelekea mke wangu barazani kwa fahari, kama mtu aliyeua nyoka. Aliweka sindano chini, akaingiza kidole kwenye ufa.

"Na hii ndiyo baridi ya asubuhi?" aliuliza.

Nikarudi uani. Supoti ya mbele iliingia vizuri, nikaikaza kwa nguvu zote. Ya nyuma nayo ikaingia, nikaikaza kwa nguvu zilizobaki. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Ndipo nilipofika kwa ya tatu, na matundu yakakataa kukutana. Tundu la injini lilikuwa huku, tundu la bodi kule, na tofauti yao haikuzidi unene wa kidole. Nilisukuma injini kwa bega. Nilitumia chuma kuichokoa. Nilipandisha kriki, matundu yakapishana. Nikashusha, yakapishana upande wa pili. Nilianza kumlaumu muuza spea kwamba amenipa supoti ya gari lingine. Jirani aliipima mpya juu ya ile ya zamani, tundu kwa tundu, akanirudishia.

"Ni yenyewe," alisema. "Kula kwanza."

Mke wangu alileta viazi na isambaza, vile visamaki vya ziwani, vya kukaanga. Nilikula nimekaa chini, mikono myeusi. Yeye hakuondoka. Alizunguka gari na futi lake la kushonea likining'inia shingoni, akainama, akachungulia.

"Hizi mbili ulizifunga mpaka mwisho?" aliuliza.

"Kabisa. Mi sifanye kazi nusu."

"Ndiyo kosa lako. Baba watoto, mimi nikishona koti, sishoni mkono mmoja hadi mwisho ndipo nitafute wa pili. Nashikiza kwanza. Uzi mrefu, mlegevu, kila upande. Nguo yote ikishakaa mahali pake, hapo ndipo napiga mashine. Wewe umeshona mabega mawili, sasa unashangaa shingo haikai."

Nilimtazama jirani. Jirani aliangalia chai yake.

"Bon," nikasema. "Unajua nguo. Hii iko voiture, iko gari."

"Sawa," alisema, akakusanya sahani.

Alipokuwa amefika mlangoni nilikuwa tayari nimelala chini ya gari, nalegeza boluti zote. Zilipolegea injini ilijisogeza yenyewe kidogo, ikatoa mlio kama mtu anayekaa kiti alichokizoea. Lakini mtu mmoja hawezi kushika kriki na kuchungulia tundu. Ilibidi nimwite. Alirudi haraka mno. Nadhani hakuwa ameingia ndani.

Alishika mkono wa kriki, mimi nikainama juu ya injini, nimeshika boluti. "Pandisha kidogo. Kidogo tena. Polepole, mama." Nikaona mwanga ukikua ndani ya tundu, kama mwezi unaojaa. Kile chuma changu cha kuchokolea kilikuwa bado kimekwama palepale, kinazuia.

"Tosha!" nikapiga kelele. "Tosha ile chuma!"

"Inatosha? Haya," alisema, akaachia kriki, akakunja mikono.

Kwetu Kongo, kutosha ni kuondoa. Kwao Tanzania, ni kufika kiasi. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu nilimwambia atoshe sahani mezani, akazihesabu na kunijibu kwamba ndiyo, zinatosha. Hiyo ni miaka ishirini na mbili iliyopita. Analijua neno hilo vizuri kama jina lake. Jirani alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kanzu.

"Kitoe," nikasema kwa Kiswahili cha Karagwe. "Tafadhali."

Alikitoa. Boluti ikaingia kwa vidole viwili, bila spana. Nilitamani kumkumbatia lakini mikono yangu ilikuwa na oili. Tukashikiza zote kwanza, kisha nikazikaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, na yeye akizihesabu kwa sauti ili nisiruke hata moja.

Nikaingia, nikageuza ufunguo. Kimya. Hakuna kilichotikisika. Nikageuza tena, na gari likatoa sauti ya kusaga meno iliyoogofya kuku wa jirani.

"Limeshawaka!" jirani alipiga kelele. "Liko linaunguruma! Acha ufunguo!"

Kweli lilikuwa limewaka. Usukani ulikuwa umetulia mikononi mwangu kama kitu cha mtu mwingine.

Jumamosi tulipanda Busasamana mapema. Mama mkwe alikuwa tayari ameketi nje na mushanana wake. Alikaa nyuma, mke wangu mbele. Mama aliweka kiganja kwenye mlango, akasubiri mtetemo.

"Mkwe wangu, hatujaondoka?"

"Limeshawaka, mama."

Kabla hatujafika lami alikuwa amelala, na nilimtazama kwenye kioo, uso mmoja, mtulivu. Nilingojea sifa njia nzima. Zilikuja tuliposimama ukumbini, alipoamka na kukiweka sawa kitambaa cha kichwani.

"Umefanya kazi nzuri, mkwe wangu. Mungu akubariki."

Nilihisi macho ya mke wangu shavuni. "Mama," nikasema, "ni binti yako aliyenionyesha namna."

"Najua," alisema mama mkwe, akinyoosha mkono nimsaidie kushuka. "Alinipigia Alhamisi. Alinisimulia yote, hata habari ya ubao."

Wiki iliyofuata jirani alitukumbusha kwamba boluti za supoti mpya lazima zikaguliwe baada ya siku chache, mipira ikishakaa. Kabla sijaenda kazini mke wangu alikuwa ameshafungua boneti. Moja tu ndiyo iliyokuwa imelegea, robo mzunguko. Aliikaza yeye mwenyewe, akafuta spana kwa kipande cha kitambaa cha bitana, akanikabidhi funguo za gari.