Shimo Nyuma ya Nyumba

Udongo mwekundu ukifukuliwa wakati wa kiangazi hutoa harufu kavu ya chungu kilichosahauliwa motoni, na mpaka leo harufu hiyo naikimbia. Msimu ule mvua ilikuwa imetupita na baba na mama hawakuwa wakisemezana. Mama alikuwa amechoka kushinda njiani na punda akifuata maji mtoni, akaapa kurudi kwao Ikutha. Baba akanuna. Basi mimi, kifungua mimba wao, nikawa ndiyo njia yao ya kuongea. "Mwende, ambia baba yako chakula iko tayari." "Mwende, ambia mama yako sina njaa." Walikuwa chumba kimoja, meza moja, nami katikati nikirudia maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameyasikia vizuri tu.

Jumamosi moja mchana binamu yangu alinipeleka kwenye chumba cha video pale Makindu. Filamu ilihusu mume na mke wa Kizungu, katika mtaa wa nyumba zinazofanana, zenye nyasi za kijani ambazo kwetu hata mbuzi asingeziamini. Mume alitabasamu mno. Walipoacha kuongea, alianza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, eti bwawa la kuogelea. Yule jamaa anayetafsiri kanda kwa Kiswahili alituonya kwa furaha, "Huyu mama hajui hiyo ni kaburi yake!" Mwishowe mume akamwita mkewe aje aone kazi. Mke akavaa viatu, akatoka, na hapo hapo stima ikapotea kabla hatujaona mwisho. Watu walipiga mayowe.

Wiki hiyo hiyo baba alitoa sururu na koleo, akaanza kuchimba nyuma ya nyumba yetu. Nilipomuuliza shimo ni la nini, alisema, "Utaona." Chakula kilinishinda. Nilimfuata mama kila mahali, mpaka mlangoni pa choo, naye akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu. Shimo likazidi kwenda chini, hata nikawa naona kofia ya baba tu. Kisha jioni moja ile kofia ikainuka. "Mwende! Ambia mama yako akuje aone."

Nilienda jikoni polepole. Mama aliuliza baba amesemaje. "Amesema usiende," nikajibu, nikaangua kilio.

Mama aliweka mwiko chini. Alitoka mbio, nami nimeshika leso yake nikimvuta nyuma, mpaka ukingoni. "Mutua! Unanikataza kwenda kwetu?" Lilikuwa neno la kwanza la mama kwa baba tangu kiangazi kianze. "Nani amekukataza? Nimesema ukuje uone silanga yako ya maji," baba akasema. "Mvua ikinyesha, maji itakuwa hapa. Usiende Ikutha." Wote wawili wakanitazama. Kisha mama akashuka ndani. Nilifumba macho, nikangoja yowe, nikasikia akimgombeza kwamba upande mmoja hauna kina cha kutosha.

Siku hizi naishi mjini Wote, kwenye nyumba za kupanga zinazofanana, na maji yako kwenye bomba. Mume wangu na mimi tukinuniana hatumtumi mtoto. Tunaandikiana kwa simu, yeye sebuleni, mimi chumbani, na kila ujumbe unafika kama ulivyoandikwa. Simu ikitetemeka kitandani naogopa kuliko nilivyoliogopa lile shimo, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna tena mtu wa kukosea ujumbe.