Pua ya Shangazi

Wageni walivuka maji kuja kisiwani kwetu kwa ajili ya bahari na jua, lakini wengi walirudi makwao wakisimulia mkono wa shangazi yangu. Alikuwa mpishi wa nyumba ndogo ya wageni iliyo juu kidogo ya gati, yenye baraza pana mbele na jiko uani. Mimi nilikuwa mhudumu wa meza hapo hapo. Ndiye aliyenitafutia kazi hiyo nilipomaliza shule na kubaki nyumbani nikihesabu mabati.

Kila asubuhi alianza na kahawa. Ya kopo hakutaka hata kuiona. Alinunua buni mbichi, akaichambua kwenye ungo, akaikaanga kwenye kikaango kipana cha chuma huku mwiko haumtoki mkononi. Hakutazama saa wala rangi. Alifumba macho, akainua uso kidogo kama mtu anayesikiliza kama kuna anayebisha hodi, halafu ghafla akaepua. Harufu ile ilipanda ngazi ikawatoa watu vitandani. Wengine walishuka barazani na nguo za kulalia, nywele timutimu, wakaulizia kikombe kabla ya kusalimia.

Mchana ilikuwa zamu ya samaki: wa kuchoma, wa nazi, wa kukaanga na ndimu. Wageni walikula hadi wakalegeza mikanda, kisha wakabaki pale pale kwenye viti wakitazama maji. Shangazi hakutoka kuwaona. Alichungulia sahani zinaporudi, na zikiwa tupu alisema tu, "Haya," akaendelea na kazi.

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na kisiwa kizima kilimwita Fundi. Alipenda kuwaambia wateja wake kwamba yeye ni mwaminifu kwa lazima. "Mke wangu ukinywa soda njiani, ukifika mlangoni anakwambia ilikuwa ya rangi gani. Sasa mtu kama huyo utamdanganyia wapi?"

Halafu yakaja mafua. Msimu ule yalimshika karibu kila mtu, na Shangazi alilala chini siku kadhaa, akainuka amekonda kidogo, akarudi kazini. Asubuhi hiyo nilikuwa barazani napanga vikombe niliposikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilikimbia uani nikidhani kitambaa kimeshika moto. Nilimkuta amesimama mbele ya kikaango, macho kayafumba, uso kauinua, anasubiri. Moshi mweusi ulikuwa umemzunguka kichwa.

"Shangazi, inaungua."

Alifumbua macho, akautazama moshi, akanitazama mimi, kisha akakiinua kikaango kwa mkono mtupu. Akaungua vidole. Hata hilo alichelewa kulisikia.

Tulijipa moyo kwamba ni mafua tu. Alijifukiza kwa majani hadi macho yakavimba. Fundi alimkatia vitunguu, akamsogezea, na machozi yakamtoka bila harufu yoyote kumfikia. Mwisho akamletea chupa ya mafuta ya taa. Shangazi aliinusa kwa muda mrefu, akairudisha na kusema ni kama kunusa kioo cha dirisha.

Chakula nacho kikamgeuka. Alisema chumvi anaisikia, sukari anaisikia, pilipili inamchoma, lakini kati ya hapo hakuna kitu. Wali ulikuwa kama pamba mdomoni. Kahawa ilikuwa maji machungu ya moto.

Tukakubaliana kimya kimya kwamba nitakuwa pua yake. Samaki wakiletwa mlangoni, ananipa nafungua mashavu, nanusa, natikisa kichwa au naitikia. Buni ikiwa motoni nasimama begani kwake kumwambia lini aepue. Tatizo ni kwamba pua yangu ni ya kupumulia tu. Niliwahi mno au nilichelewa mno, na kila kahawa iliyotoka ilikuwa ya kawaida, kama ya popote. Wageni walishukuru, wakanywa, ila hakuna aliyeomba kikombe cha pili. Shangazi aliacha kuchungulia sahani.

Kulikuwa na mgeni wetu wa miaka mingi, mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo, aliyekuja kila likizo na safari hii alileta marafiki zake. Tangu wanashuka kwenye chombo alikuwa akiwasifia kahawa ya hapa. Nilipowamiminia, wote walimtazama yeye. Alionja, akaonja tena, akaweka kikombe chini taratibu. Marafiki zake, kwa adabu, wakasema ni nzuri. Uso ulimshuka.

Baadaye alizunguka uani mwenyewe. Shangazi alikuwa anamenya mihogo. Kwa miaka yote ile walikuwa hawajaonana. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa sahani tu.

"Samahani, mama," alisema. "Yule mpishi wa zamani alikwenda wapi?"

Shangazi hakuinua kichwa. "Alihama."

"Pole yetu. Mkimwona, mumsalimie sana. Mwambieni nilileta watu."

"Salamu zitafika."

Alipoondoka nilitaka kumkimbilia nimweleze, lakini Shangazi alinishika gauni, akaniambia nichukue maji ya kuoshea mihogo.

Fundi alimpeleka hospitali upande wa pili wa maji. Daktari alikuwa mpole, hakuwaharakisha. Aliwaeleza kwamba homa imeharibu mishipa ya kunusia, kwamba kwa wengine hupona yenyewe, kwa wengine haiponi, na kwamba hana dawa ya kuwapa. Aliwafundisha zoezi la kunusa vitu vikali kila siku, ndimu, karafuu na mfano wake, ili kuiamsha pua. Shangazi alilifanya zoezi lile kwa imani kubwa, asubuhi na jioni, amekaa kwenye kigoda, visahani mbele yake. Fundi alimuuliza kila mara, "Umepata chochote?" Mara moja akasema amepata ndimu. Fundi alicheka kwa furaha hadi majirani wakatoka. Shangazi akafumba macho, akamwomba amletee tena bila kumwambia ni kisahani kipi. Fundi akaleta karafuu. Shangazi akasema ndimu.

Baada ya hapo Fundi hakuuliza tena.

Siku iliyommaliza kazini mimi sikuwapo. Nilikuwa nimekwenda kwenye msiba. Kamba wa kupika waliletwa na mtu mgeni, wanang'aa vizuri, na Shangazi aliona aibu kumwita mtu mwingine awanuse. Mezani siku hiyo ilikuwapo familia moja na bibi yao. Waliugua wote, na bibi yao ilibidi avushwe kwenda kutundikiwa maji. Hakufa mtu. Lakini Shangazi mwenyewe, hata kabla meneja hajamwita, alikuwa amevua aproni na kuikunja juu ya meza. Alimweleza ukweli wote tangu mwanzo.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Hakutaka amwage unga kabisa, akamhamishia chumba cha kufulia. Akaajiri kijana aliyesomea upishi, na mashine ya kahawa ikaja imefungwa kwenye boksi, inabonyezwa kitufe. Nasikitika kusema kwamba kijana anapika vizuri. Wageni wanakula, wanalegeza mikanda, wanatazama maji. Mashine inatoa povu zuri, na wanalipiga picha.

Miezi michache baadaye binti wa Shangazi, dada yangu kwa undugu wetu, alijifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Tulikwenda kumwona. Shangazi alipewa mtoto mikononi, na kama wanawake wote wafanyavyo, akainamisha uso kwenye utosi wake mchanga, akavuta pumzi. Akavuta tena, ndefu zaidi. Tulikuwa tunatabasamu, tunasubiri aseme neno. Alimrudisha mtoto kwa mama yake kwa uangalifu mkubwa, akasema amependeza, akatoka kwenda kukaa ngazini. Nilimfuata.

"Watanionyesha watoto kumi," aliniambia, "nisijue yupi wangu."

Nilimwambia labda itarudi. Nilisema kwa sababu lazima mtu aseme kitu. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akasema, "Wewe nawe, mwanangu."

Sasa hivi Fundi ndiye anayepika nyumbani kwao. Mwanzoni alikuwa akitania kwamba amepata mteja asiye na malalamiko, na Shangazi alikuwa akicheka kidogo. Anakula kwa sababu mumewe amekaa mbele yake anamtazama. Magauni yake Fundi ameyabana pande zote mbili, na bado yanampwaya.

Kazini tunaonana mchana ninapopita na vyombo. Anaanika mashuka yanayonukia sabuni, anayakung'uta, anayabana kwa vibanio. Mwaka wa kwanza alikuwa akinisimamisha kila siku: kijana kapika nini leo, kaweka kitunguu saumu kabla au baada, harufu yake ilikuwaje. Nami niliweka trei chini, nikamsimulia kadiri ya uwezo wangu, nikitafuta maneno, na mara nyingi maneno yalinipungukia. Alikuwa akisikiliza hadi mwisho.

Mwaka huu hajaniuliza hata siku moja. Nikipita ananisalimia, ananiulizia mama, anaendelea kuanika.