Kilio cha Kuigiza Lyamkena

Shindano lilitupa siku tatu. Ijumaa walitoa mada, mirathi, na Jumapili saa kumi na mbili jioni filamu ya dakika nane iwe imeshawafikia. Tulikuwa watatu: mimi niliyejiita mwongozaji, rafiki yangu fundi simu wa stendi ya Makambako aliyeshika kamera, na mshonaji mmoja, mwanakwaya, anayeweza kutoa machozi ya kweli ukimwomba. Hadithi niliiandika mimi. Mzee anafariki, na watoto wanagombea shamba la parachichi kabla mwili haujatoka ndani.

Nyumba ya msiba ilikuwa nyumba ya mama yangu, Lyamkena, hapo hapo Makambako. Mama alikuwa amekwenda Uwemba kwenye semina ya akina mama, arudi Jumapili. Sikumwomba ruhusa. Nilijua angekataa, maana kwetu kifo hakichezewi, na nyumba ile ilikuwa na jambo lake tayari. Kaka yangu aliondoka kwenda Liganga aliposikia kutakuwa na kazi kwenye machimbo ya chuma. Baadaye mara tukaambiwa ameonekana Ludewa ziwani, mara amevuka ng'ambo ya ziwa. Ulikuwa mwaka wa nne simu yake haipatikani. Mama hakuruhusu mtu amtaje kama aliyepotea. Alisema yuko kazini, na ukimbishia anaacha chakula na kuondoka.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu. Tukawasha moto mkubwa uani, kama msiba wowote wa huku kwenye baridi, nami nikaenda kuazima mabenchi manne kwa jirani. Hakuniuliza ni ya nini. Aliniangalia tu, akanisaidia kuyabeba, na mimi nikamsifu moyoni kuwa ni mtu asiye na umbea. Ujinga wangu ulianzia hapo. Huku kwetu anayeazima mabenchi alfajiri na kuwasha moto uani haulizwi kitu. Unakwenda, unalia, unakaa, na habari unapewa ukishakaa. Mimi nimezaliwa hapa na hilo nalijua tangu utotoni, ila siku ile kichwa kilijaa dakika nane.

Tukajifungia sebuleni. Tuliziba dirisha kwa blanketi na kuzima simu zote, isije ikaita moja katikati ya kilio. Mshonaji akalia. Nikamwambia arudie. Nina mdomo mbaya nikiwa na haraka. Nilimwambia analia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alinitazama, akavua viatu, akatoa kilio ambacho hata mimi kilinisisimua. Mara ya saba ndiyo tuliyoikubali.

Nilipofungua mlango, ua ulikuwa umejaa watu. Wanawake wamekaa kwenye mikeka waliyokuja nayo, vitenge vimefungwa kiunoni, wanaume wako kwenye mabenchi, mmoja ameleta kuni, mwingine ndoo ya unga wa mahindi. Waliponiona, vilio vikapanda.

Ningesema pale pale. Lakini fundi alininong'oneza kwa nyuma, "Subiri kidogo. Hawa ndio watu tuliowakosa." Ilikuwa kweli, tangu jana tulikuwa tunahangaika tutapata wapi waombolezaji. Nikajipa dakika tano. Yeye akabaki nyuma ya mlango na kamera, mimi nikaketi mkekani na kuinamisha kichwa, nikipewa pole na watu walionibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Dakika tano zikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa. Kila aliyeingia alinipigilia pale chini. Ungeanzaje kusimama, baada ya watu kulia saa nzima, uwaambie mlikuwa mnaigiza?

Bibi mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akasogea na kunishika mkono. "Pole, mwanangu," akasema. "Habari imetoka wapi, Ludewa?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Walikuwa wanamlilia kaka yangu.

"Mama yako tumeshampigia," akaendelea. "Tumemwambia tu arudi nyumbani, kuna shida."

Ndivyo ilivyo desturi. Mwenye msiba haambiwi kwenye simu; anaambiwa arudi, naye njia nzima anajiuliza ni nani. Niliingia ndani na kuwasha simu. Ujumbe wa mama uliingia, aliokuwa ameuandika saa nzima iliyopita: "Ni yeye?" Nilimpigia, hakupatikana. Nikamwandikia kwamba hapana, si yeye, ujumbe ukakataa kwenda. Nikapiga tena mpaka fundi akaninyang'anya simu.

Nikamwita yule bibi ndani, nikapiga magoti na kumwambia ukweli. Alimtazama fundi, akaitazama kamera, akamtazama mshonaji aliyejificha nyuma ya kiti. Nilingoja kofi.

"Hao wa nje usiwaambie," akasema. "Mwenye nyumba ndiye asikie kwanza, na akusikie wewe. Rudi ukakae."

Nikarudi. Sijawahi kukaa mahali kwa muda mrefu hivyo. Wenzangu walikwama ndani, hawawezi hata kutoka kwenda chooni, na mimi niko mkekani ninalazimishwa kula ugali wa watu, maana mfiwa lazima ale. Nilikula. Nilijichukia kwa kila tonge, na kilichonitisha zaidi ni kwamba bado nilikuwa nawaza kuhusu Jumapili saa kumi na mbili.

Mama alifika saa tisa. Alishuka kwenye bajaji macho yamevimba, kitenge kiko kiunoni tayari. Wanawake walinyanyuka kumpokea, lakini nilimwahi.

"Mama, hakuna msiba. Tulikuwa tunapiga filamu. Habari za kaka hatujasikia."

Natamani angenipiga.

"Hamjasikia," akasema. "Wala uzima, wala kifo."

"Wala."

Akanipita. Alikwenda mpaka katikati ya mikeka, akaketi, akanyoosha miguu kama anavyokaa mfiwa.

"Hawa watoto walikuwa wanaigiza," akawaambia wanawake. "Mimi nimemlilia mwanangu tangu Uwemba. Niacheni nimalize."

Akalia akimwita kwa jina, jina ambalo nyumbani tulikuwa tumeacha kulitamka. Hakuna aliyeondoka. Yule bibi akaanzisha wimbo, wengine wakampokea, na fundi akazima kamera bila kuambiwa na mtu.

Filamu tuliituma Jumapili kabla ya muda, mshonaji akilia peke yake kwenye sebule yenye giza. Picha za uani tulizifuta. Hatukuchaguliwa.

Jumatatu mama alikitoa nje kitanda cha kaka, akampa mtoto wa yule bibi. Watu wakikutana naye sokoni wanampa pole, hata wale waliomsikia akisema ilikuwa maigizo, naye anajibu, "Asante, nimeshapoa." Nimejaribu mara mbili kumwambia kwamba hatujui, huenda yu hai. Mara zote mbili amenijibu kwa upole kwamba amechoka kungoja. Namba ya kaka bado naipiga. Ila siku hizi natoka nje kwanza, mama asinione.