Mwaloni wa Khala Nasrini

Harufu ya mrehani uliotoka kumwagiwa maji ndiyo Riyadh ya utoto wangu. Bibi alipanda mrehani, mchaichai na asumini kwenye madebe juu ya paa la jengo letu mtaani Malaz, na kila alasiri ilikuwa lazima nipande naye na ndoo. Alizaliwa Pemba kwa wakulima wa karafuu, na kwa mambo ya miti, jamani, hakuna aliyethubutu kumbishia.

Nilipokuwa na miaka tisa, jirani yetu Nasrini, niliyemwita Khala, yaani mama mdogo kwa Kiarabu, Mkurdi wa kaskazini mwa Iraki, alituachia amana akienda Jeddah kumuuguza dada yake. Ulikuwa mche wa mwaloni, urefu wa mkono wangu, ulioota kutokana na kokwa aliyoiokota uani kwa baba yake, kwenye nyumba ambayo haipo tena. Mialoni ya aina ile, aliniambia, imejaa milimani kwao, toka Uturuki hadi Irani. "Utunze, mwanangu. Sina kingine cha kwetu." Nikaapa.

Baridi ikaingia. Majani yakawa ya kahawia, yakapukutika yote. Nilimwagilia mpaka udongo ukawa tope, nikauombea dua, wapi! Bibi akaja, akatikisa kichwa. Kwao mkarafuu ukipukutika hivyo ni maradhi. Hung'olewa ukachomwa, usije ukaambukiza shamba zima. Akaung'oa, akautia kwenye seredani juu ya makaa. Ukafuka moshi mzito, utomvu ukachemka kwenye ncha zake.

"Bibi, mbona mbichi?"

"Hebu nyamaza! Utanifunza miti miye?"

Nikaokota ndoo yangu, nikashuka.

Khala alirudi joto lilipoanza, na kabla hajavua baibui alipanda paani. Alilikuta debe tupu, Bibi akamweleza majani yalivyopukutika na mche ulivyochomwa. "Haukufa," alisema. "Kwetu huvua majani kila baridi, ukalala." Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akimwomba mtu radhi, alimshika mikono yote miwili akalia. Khala alimsamehe, wakanywa chai. Lakini paani hakupanda tena.

Siku hizi naishi Jeddah, Aziziya, na binti yangu akiona jani limegeuka rangi huiuliza simu, ikamjibu kabla sijavaa miwani. Namwonea wivu. Sisi tulikuwa na Bibi tu, na Bibi alijua kweli, ila alijua miti ya Pemba. Majuto ni mjukuu, husema wazee, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Bibi alikosea kwa kutojua. Mimi niliuona ubichi ule kwa macho yangu, nikaacha uungue, kwa kuwa niliogopa zaidi kumbishia mkubwa wangu kuliko kuvunja ahadi.