Ile Esansi Haikuwa na Maji

Nimekosa mimi. Naanza hapo, kwa sababu nikianza kwingine nitaingia kujitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Nilimsingizia mume wa dada yangu kosa nililolifanya kwa mikono yangu hii, akachukuliwa, hakurudi. Jina langu halitakuwa kwenye karatasi hii. Dada yangu yu hai, tunakaa nyumba moja, na saa hii namsikia uani anapepeta mchele.

Marehemu nitamwita Saidi. Si jina lake.

Mimi ni mtu wa Kisangani, mji ambao wakati ule bado tuliuita Stanleyville. Nilikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja, nyumba kubwa karibu na mto. Mzungu yule alikuwa na mashine ya kukata majani, yenye injini, unaisukuma kwa mikono nayo inakata. Alinifundisha kuifungua na kuifunga. Basi nikajiita fundi! Wenzangu walikuwa wanafyeka kwa panga, migongo imepinda, mimi natembea nyuma ya mashine kama bwana harusi.

Uhuru ulipokuja na vurugu zake, Mzungu akaondoka na masanduku mawili, akaniachia funguo. Mashine nikaifunika gunia ndani ya gereji, ikakaa. Kisha uasi ukaja, waasi wakauteka mji, na mkubwa mmoja wao akaichukua nyumba ile. Alinikuta uani. Akasema nibaki, nifanye kazi yangu.

Majani yalikuwa yamefika magotini. Mkubwa hakuyapenda. Alisema humo anaweza kulala nyoka, na mtu mwenye bunduki pia. Akanipa siku tatu kiwanja kiwe cheupe. Jamani, ningefyeka kwa panga ningemaliza! Lakini mdomo wangu haukai. Nikamwambia kuna mashine, na fundi wake ndiye mimi, asiwe na wasiwasi.

Nikaifungua. Nyigu walikuwa wamejenga kwenye kichujio cha hewa, nikatoa udongo wao wote. Buji, ile inayotoa cheche, ilikuwa nyeusi tii. Nikaisugua kwa msasa, nikaikausha jikoni. Kabureta ilikuwa imeganda uchafu wa miaka, nikaisafisha kwa unyoya wa kuku mpaka vijitundu vyake vikaonyesha mwanga. Kisu nikakinoa. Kilichobaki kilikuwa esansi, yaani petroli ya magari, na siku zile raia hakuwa na mahali pa kuipata.

Saidi ndiye aliyenipatia. Alikuwa anafanya kazi relini, Lubunga, ng'ambo ya mto. Nilimlilia siku moja tu, siku ya pili akavuka mto na mtumbwi, kidumu kimoja amekifukia chini ya mihogo. Angekamatwa nacho majini, wasingemuuliza mara mbili. Alinikabidhi akaniambia niichunge, nyingine hakuna.

Nikaichunga kweli! Kwetu, waliouza esansi kwenye chupa waliziba midomo ya chupa kwa sabuni, kwa sababu nta esansi inaila, sabuni haiili, na usipoziba joto la hapa linainywa yote. Kila mtu alijua hivyo. Sasa nilipoutazama mfuniko wa tangi la mashine nikaona katundu kadogo, kama jicho la sindano. Nikafikiri hapa ndipo esansi ya shemeji itakapopotelea. Nikachukua kipande cha sabuni, nikaziba, nikalainisha kwa kidole, nikaridhika. Mzungu hakuwahi kunieleza kazi ya katundu kale, nami sikuwahi kumuuliza. Fundi mzima nikaulize tundu?

Siku ya tatu asubuhi mkubwa aliketi barazani na watu wake kutazama. Saidi alikuwa amekuja kunisaidia kukusanya majani kwa reki. Nikavuta kamba mara mbili, injini ikawaka, sauti yake tamu! Nikakata mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikakohoa, ikafa.

Nikafungua mfuniko, esansi ipo. Nikafunga, nikavuta, ikawaka. Mistari mitatu, ikafa tena. Mara ya tatu vilevile. Watu wa barazani wakaacha kuongea. Mmoja wao akasema nawachezea, kwamba naiua mashine makusudi ili majani yabaki na adui apate pa kujificha. Msicheke. Siku zile mtu aliondoka duniani kwa neno dogo kuliko hilo.

Mkubwa akashuka ngazi, akaja kusimama mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Bon, fundi. Shida iko wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa sijui. Mtu akisema sijui, labda anakula kofi, anapewa panga, anafyeka. Lakini mimi niliyejipigia debe siku tatu nzima nitaanzaje kusema sijui mbele ya watu? Nikasema mashine ni nzima. Nikasema esansi ndiyo imetiwa maji.

"Nani aliileta?"

Sikutaja jina. Niligeuza uso nikamtazama Saidi, ikatosha.

Saidi hakupiga kelele. Aliweka reki chini polepole, akaniambia, "Shemeji, ile esansi ulinusa wewe mwenyewe. Waambie."

Nikatazama majani. Mungu wangu, nikatazama majani! Wakamfunga mikono, wakamketisha ndani ya jipu pale getini. Mkubwa akanipa chupa ya esansi yao, akaniambia nikaitie. Mashine ikitembea, basi maneno yangu ni ya kweli. Isipotembea, na mimi nipande jipu.

Niliisukuma mpaka gereji. Nikaanza na mfuniko, na nilipouzungusha nikasikia tangi linavuta pumzi, fyuu, kama mtu aliyebanwa pua akaachiwa. Nikasimama. Nikamimina esansi ya Saidi ndani ya chupa nyeupe, nikaielekeza kwenye jua. Kama ina maji, maji yanakaa chini, unayaona. Hapakuwa na hata tone.

Ndipo akili ikanijia. Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja, maziwa yanagoma kutoka mpaka utoboe la pili, hewa iingie. Katundu kale ndiko tangi lilikopumulia, na mimi nilikuwa nimelinyonga kwa sabuni! Nilichukua pini, nikaichokoa sabuni yote. Kisha nikamimina ndani ya tangi esansi ileile ya Saidi. Chupa ya mkubwa sikuigusa. Nilitaka kuwa na hakika.

Ilitembea bila kukohoa. Nilikata kiwanja kizima, kona zote, mpaka kando ya geti ambapo jipu lilikuwa limesimama, na wakati wote huo nilikuwa najiambia nikimaliza nitasema. Nikazima injini. Kukawa kimya, hata mto ukasikika. Saidi alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo.

Mkubwa alikuja anacheka, ameridhika.

"Alors, ile ingine iliko na mayi kweli?"

Hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi, na mtu aliyeushika alikuwa anacheka! Ningesema chef, yaani mkubwa, kosa langu, niliziba tundu, mtu huyu hana hatia. Nikawaza vile watakavyonitazama, fundi wa uongo. Nikasema, "Ndiyo, chef. Nimeimwaga."

Akanipiga begani, akampungia dereva mkono. Jipu likaondoka. Sijui kama Saidi alinisikia. Alikuwa ananitazama.

Kesho yake nilipeleka chakula gerezani. Mlinzi akasema hakuna mtu wa jina hilo. Sikuuliza mara ya pili.

Dada yangu alikuwa na mtoto mchanga, Fatu. Nikawahamishia kwangu. Nikamwambia kuna mtu amemchongea Saidi kwa ajili ya esansi, mtu gani sijui. Fatu nikamlea, nikamsomesha, nikamwoza. Mtaani wakaniita kaka wa mfano, msikitini wakanipisha mbele. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha uzeeni, na kila hatua nimeitembea nikisifiwa.

Msiniambie nilikuwa naogopa bunduki. Waasi walifukuzwa, mji ukabadilishwa jina, mkubwa yule sijui alifia wapi. Hapakuwa tena na mtu wa kumwogopa, na bado sikusema! Nilimwogopa dada yangu, mwanamke anayenipakulia chakula.

Mfungo uliopita, tumemaliza kufuturu, akaniambia jambo. Yeye huniita yaya, kwa kuwa ndimi mkubwa wake.

"Yaya, ule mutu aliyemuchongea baba ya Fatu, mimi nilishamusamehe. Kama iko muzima, Mungu amupe usingizi."

Akainua mikono kuomba dua, akanisubiri. Nikaitikia amin.

Nimesamehewa na mtu asiyejua anamsamehe nani, na msamaha wa hivyo haukai mwilini. Sasa Ijumaa tunamsomea Saidi hitima. Dada ameniomba nisimame niwaeleze wajukuu babu yao alikuwa mtu gani, maana mimi ndiye niliyemwona mwisho.

Wewe unayesoma, mimi nimeshachelewa, usinionee huruma. Lakini kama kuna mtu amekalishwa mahali kwa sababu ya neno lako, awe kituoni, awe mbele ya bosi, awe mbele ya mumewe, inuka sasa hivi. Acha hata chakula. Nenda ukaseme ni mimi. Watakupiga. Acha wakupige.