Mkalimani Aliyetafsiri Mnong'ono

Mkalimani hutafsiri kinachosemwa mbele ya mkutano. Kinachonong'onwa pembeni hukimeza, hata kikimkwama kooni. Kanuni hiyo mama mmoja mkalimani aliishika tangu ujana wake, ndani ya kibanda cha vioo kilicho juu ya ukumbi wa shirika kubwa la mataifa. Aliivunja mara moja tu, tena kwa kukusudia.

Chanzo kilikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, mkaguzi wa maghala katika shirika hilohilo. Wifi aliona maziwa ya watoto yaliyokwisha muda yakibandikwa tarehe mpya na kupelekwa kwenye kambi za wakimbizi. Akapiga ile simu ya siri ya kutoa taarifa za maovu, ambayo mabango ya kila lifti yaliapa kwamba haina masikio mengine. Kabla wiki haijaisha, jina lake lilikuwa midomoni mwa kantini nzima. Wenzake wakawa wanahama meza akikaa. Akapelekwa chumba cha mashine mbovu za fotokopi, akakaa humo bila kazi hadi mkataba ulipoisha, na hakuna aliyetaka kuuongeza.

Aliyepanga hayo yote ni mkurugenzi, mtu waliyembandika jina la Bwana Utaratibu, kwa kuwa kila lalamiko alilijibu kwamba utaratibu utafuatwa.

Wifi alisihi yaishe. "Wifi yangu, mimi nimeshamwaga unga. Wako usiuguse."

Mkalimani aliitikia ndiyo, ndiyo, huku nyongo ikimpanda. Aliendelea kumsalimia Bwana Utaratibu kwenye lifti kwa adabu zote, na kumwombea mabaya kwa moyo wake wote.

Siku ya mkutano mkuu, mjumbe mmoja aliuliza kama yuko mfanyakazi aliyeadhibiwa kwa kutoa taarifa. Bwana Utaratibu akajibu kwa lugha yake, ambayo wajumbe wengi waliielewa kupitia kibandani tu, kwamba hayuko hata mmoja. Mkalimani akautafsiri uongo huo neno kwa neno, maana ndiyo kazi. Kisha mkurugenzi akamwinamia naibu wake, akanong'ona huku akicheka. Taa nyekundu ya kipaza sauti chake ilikuwa bado inawaka, na mnong'ono wote ukapanda hadi kibandani.

Kibandani hukaa wawili, wakipokezana. Mwenzake siku hiyo alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Aliusikia naye, akaiona sura ya mama, akawahi kubonyeza kitufe cha kuzima sauti, kile wanachotumia wakitaka kukohoa.

"Dada, hilo si letu."

"Ni langu, kaka. Toa kidole."

Hakutoa. Mama akakitoa mwenyewe, akaushikilia mkono wa mzee, na akasema kwenye kipaza sauti.

Mkalimani husema "mimi" badala ya msemaji. Kwa hiyo ukumbi mzima ukasikia sauti ya mwanamke, tulivu kabisa: "Yule wa maziwa nilimng'oa mimi mwenyewe. Nilimfungia na mashine mbovu mpaka akaisha. Mwingine akijitia kiherehere, namng'oa vilevile."

Mjumbe aliyeuliza alivua visikilizio vyake, akavitazama, akavivaa tena. Wa mwisho kujua alikuwa Bwana Utaratibu, kwa sababu mtu havai visikilizio kusikiliza maneno yake mwenyewe. Mkalimani alimtazama kupitia kioo akisawijika, akimtafuta naibu ambaye tayari alikuwa amesogeza kiti mbali. Akafurahi. Hakuionea haya furaha hiyo.

Mkurugenzi aliondolewa, na alistahili zaidi ya hapo. Wifi hakurudishwa, maana waliobaki kwenye viti walikuwa marafiki wa aliyeondoka. Mkalimani alifukuzwa, hilo alilitegemea. Mzee naye alifukuzwa, kwa kosa la kuacha kubonyeza kitufe. Mama alikwenda kueleza kwamba ni yeye aliyemshika mkono. Wakamwambia maelezo yake hayaaminiki tena.

Kisasi hicho kilimgharimu mkalimani kazi yake, na kilimgharimu mzee asiye na kosa kiinua mgongo cha maisha yake yote.